Nilipima Betri, Sikupima Mafuta

Mwenye simu alikuwa na deni langu la shilingi 3,000. Nilikuwa nimembadilishia kioo, vile vioo vilivyopinda pembeni ambavyo hata sisi mafundi tunavinunua tukisononeka, na siku ya kuchukua simu akaanza ngonjera: M-Pesa imekwama, mshahara umechelewa, bosi yuko safarini. Ukiwa fundi Luthuli Avenue, hadithi hiyo unaisikia mara nne kabla ya chai ya saa nne. Nikamwambia simu italala kwenye droo. Akacheka, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa viboksi viwili vyembamba, vyeusi, vyenye maandishi ya rangi ya dhahabu, akaviweka mezani katikati ya bisibisi zangu.

"Fundi, hizi ni za Kalifonia. Moja huku nje ni 4,500. Chukua zote mbili na kalamu yake, tusameheane."

Ndani ya kila kiboksi kulikuwa na katriji, kijichupa cha mafuta ya bangi kinachofungwa kwenye kalamu ya betri ili kuvutwa. Ndiyo vepu. Ilikuwa Juni 2022. Uchaguzi wa Agosti ulikuwa umekaribia na mgombea urais Profesa George Wajackoyah alikuwa akizunguka nchi na suti ya michezo na kitambaa kichwani, akiahidi kwamba bangi italipa deni la taifa. Kila kibanda kwenye jengo letu kilikuwa na mzaha wake kuhusu jambo hilo. Nami nikaona yangu imetangulia kulipa deni la kioo. Nikampa simu yake akaenda.

Nisijitakase. Bangi nilianza nikiwa kidato cha tatu, mtaani Eastlands, na nilipofika miaka 36 bado nilikuwa navuta msokoto mmoja jioni baada ya kufunga kazi, wiki nyingine siku mbili, wiki nyingine siku tano. Mke wangu alijua. Alichokuwa akilalamikia zaidi ni harufu: pazia, shati, hadi nywele za mtoto aliyelala kifuani mwangu. Halafu kulikuwa na kile kikohozi cha asubuhi. Kwa hivyo vepu ilipoingia nyumbani ilionekana kama suluhu. Hakuna moshi, hakuna majivu, na harufu yake ni kama ganda la limau, imepotea kabla mtu hajauliza ni nini.

"Ni mvuke tu," nilimwambia.

Mvuke! Kama wa sufuria ya ugali. Siku hizi nikisikia mtu akilitumia neno hilo natamani kumkatiza. Kinachotoka mle si maji yaliyochemka. Ni mafuta yaliyopashwa moto mpaka yakawa matone madogo kiasi cha kutoonekana, nayo yanapoa huku yakiteremka kifuani. Tumbo limezoea mafuta. Limekula chapati na maandazi maisha yake yote. Pafu halijawahi kuandaliwa kwa kazi hiyo.

Sasa sikilizeni kiburi changu. Kazi inayonilisha ni kujua kipi halisi na kipi feki. Niletee chaja, nitakwambia kabla sijaifungua: naipima uzito mkononi, naangalia pini zimekaaje, nasoma maandishi madogo nikitafuta herufi iliyokosewa, naikuna lebo kwa ukucha. Feki huwa nyepesi, kwa sababu kilichoondolewa ndani ndicho kilichokuwa kinakulinda. Nimewahi kumwokoa mteja aliyekuwa karibu kulala na simu kichwani ikichajiwa na takataka ya shilingi 150.

Kwa hivyo zile katriji nilizikagua. Niliikagua kalamu vizuri sana. Nikafungua betri, nikaweka mita: ikijaa inasoma volti 4.2, sawasawa na betri yoyote ya lithiamu. Nikaiacha usiku kucha nione kama inashuka, haikushuka. Haikuvimba, haikupata joto wakati wa kuchaji. Uzi wa kuunganishia ulikuwa ule wa kawaida unaoitwa 510, unaoingia kwenye karibu kila kalamu duniani. Kiboksi kilikuwa na stempu ya namba za kundi, mraba wa kuskani, alama ya jimbo la Kalifonia, na maandishi kwamba mle ndani kuna asilimia 89 ya THC, kile kiambato cha bangi kinachofanya kichwa kibadilike. Bangi ya kawaida ya msokoto haikaribii hata nusu ya hapo. Hilo nililisoma kama sifa, wala sikuliona kuwa ni onyo.

Ule mraba niliuskani. Simu ikafungua ukurasa mzuri wenye picha za mitende. Sikujiuliza kwamba ukurasa wa mitende naweza kuutengeneza hata mimi Jumapili moja nikiwa sina kazi.

Mafuta yenyewe niliyapima kwa njia aliyonifundisha yule mteja. Unaigeuza katriji juu chini na kutazama kile kipovu cha hewa. Kikipanda haraka, wamechakachua. Kikipanda polepole kama kimechoka, mafuta ni mazito, ni safi. Changu kilipanda kama mzee anayepanda ngazi za jengo letu siku stima imepotea. Niliridhika, maana ni mtihani tunaoujua sote hapa. Asali ya Kitui ama ya Baringo tunaipima hivyo hivyo barabarani, tukiigeuza chupa kwenye jua kabla ya kulipa. Na kama ilivyo kwa asali, anayetaka kukuibia anaujua huo mtihani kukushinda. Sukari iliyochemshwa vizuri huwa nzito pia.

Nilianza kuvuta. Na hapa kuna jambo ambalo sikuona mtu akilisema, nami nalisema kwa sababu lilinipata: msokoto huisha. Unauwasha, unauvuta, unafika kidoleni, unautupa, unaenda kula. Kalamu haiishi. Iko mfukoni ukingoja matatu, iko chooni kazini, iko kwenye ngazi. Mvuto mmoja hapa, miwili pale, na kwa sababu hakuna harufu hakuna anayekuhesabia, hata wewe mwenyewe. Ndani ya wiki tatu nilikuwa mtu wa kuvuta tangu asubuhi, mimi niliyejisifu kwamba ni wa jioni tu.

Julai Nairobi ni mwezi wa vikohozi. Kwa hivyo kikohozi kilipokuja sikukipa hadhi yoyote. Kilikuwa kikavu, cha kukwaruza. Nilinunua dawa kwa kemisti wa chini ya jengo. Kisha homa ya jioni. Kisha nikaanza kutapika, nikalaumu mutura ya stendi. Kibanda changu kiko ghorofa ya tatu. Nilianza kupumzika ghorofa ya pili, nikijifanya nimesimama kujibu simu. Kliniki ya mtaani wakasema nimonia, wakanipa vidonge vya siku saba. Na muda huo wote, mnisamehe ujinga, niliendelea kuvuta, kwa kuwa nikivuta nilihisi kifua kimelegea kidogo.

Usiku wa kumi na mbili sikuweza kulala chali. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimeshika magoti, na kila nikijaribu kusema sentensi ilikatika katikati. Shemeji alikuja na gari saa nane usiku. Hospitalini wakanibana kidole kwa kile kidude ambacho kila Mkenya alikijua wakati wa Korona, kikasoma oksijeni asilimia 84, chini mno. Muuguzi alidhani kidole kina baridi, akakipangusa, akajaribu kingine. 84 tena.

Walinipima Korona: hamna. Walichukua makohozi kutafuta kifua kikuu, na huo ulikuwa mwendo sahihi katika mji huu: hamna. Ukimwi: hamna. Picha ya eksirei ilionyesha mapafu yote mawili yamefunikwa na kitu kama ukungu wa Limuru asubuhi. Dripu za antibaotiki zikaingia siku tatu na ukungu haukusogea. Daktari mmoja kijana, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniuliza mbele ya mke wangu, "Baba, unavuta chochote?"

"Hapana, daktari."

Mke wangu aliangalia sakafu.

Mnajua kwa nini nilikataa. Bangi nchini mwetu imekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na hata ukiwa na ya kuvuta mwenyewe tu ni kesi ya jela. Mtu aliyelelewa Eastlands ameona vijana wakipandishwa lori la polisi kwa sababu ya kipande kisichojaa kijiko. Ukiulizwa swali hilo na mtu mwenye kalamu mkononi, mdomo hujibu wenyewe. Nililala pale na oksijeni puani, nikilinda siri kwa watu pekee waliokuwa wakijaribu kunisaidia.

Jioni ile daktari alirudi peke yake, akavuta pazia, akakaa. Akafungua kiganja. Ilikuwa kalamu yangu, imefungwa kwa karatasi ya shashi kama panya aliyekufa.

"Mke wako ameitoa kwenye koti. Mimi si polisi. Nataka kujua umeivuta kwa muda gani na ndani kuna nini."

"Ndani kuna bangi."

"Na nini kingine?"

Hapo ndipo sikuwa na jibu. Fundi mzima wa kufungua kila kitu, nilikuwa nimemeza kitu kwa wiki tano bila kujua ni nini.

Aliniambia anashuku ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vepu, ila hawezi kuapa kwamba ndio, kwa sababu ugonjwa huo hauna kipimo chake. Unafikiwa kwa kuondoa mengine yote moja baada ya jingine, na mgonjwa akificha, daktari anabaki akifukuza nimonia isiyokuwapo. Alisema dalili zangu zote, hata kule kutapika, zinafanana na zilizoonekana Marekani mwaka wa 2019. Alinianzishia dawa za steroidi. Siku ya pili niliweza kusema sentensi nzima. Siku ya nne nikaenda chooni mwenyewe. Nilitoka baada ya siku 11, na bili iliyobaki tuliilipa kwa chama cha mke wangu na kwa mashine yangu ya hewa moto, ambayo niliiuza kwa jirani wa kibanda na sasa nalazimika kuiazima.

Nikiwa nyumbani, sina nguvu ya kufanya kazi, nilianza kusoma kuhusu huo mwaka wa 2019. Wagonjwa walianza kufurika hospitalini majira yao ya joto, vijana wengi, wazima, ghafla hawawezi kupumua. Idadi ilipanda mpaka Septemba kisha ikaanza kushuka. Kufikia Februari 18, 2020, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikuwa kimehesabu watu 2,807 waliolazwa ama kufa, na kati yao vifo 68 vilivyothibitishwa. Waliupa ugonjwa jina la herufi tu, EVALI. Wengi wa wagonjwa walisema walivuta katriji zenye THC, na wengi walizipata kwa rafiki, kwa mtu wa mtaani, kwa intaneti. Yaani kwa mtu kama mteja wangu.

Lililonishika koo ni kilichokuwa ndani. Wachunguzi walichukua maji yaliyooshwa kutoka mapafu ya wagonjwa 51, na kwa 48 wakakuta asetati ya vitamini E. Kwa watu wazima wa afya waliolinganishwa nao, hawakukuta hata mmoja. Asetati hiyo ni mafuta mazito, hayana rangi ya ajabu, hayana harufu, na bei yake ni nafuu kuliko ya mafuta ya bangi. Wachuuzi waliokuwa wakizimua bidhaa kwa vimiminika vyepesi walikuwa wakishikwa na wateja kwa kile kipovu cha hewa. Asetati iliwaokoa. Ukiimimina humo, kipovu kinapanda polepole kabisa. Yaani ule mtihani niliofanya kwa macho ya kitaalamu juu ya meza yangu ndio uliokuwa umetengenezewa jibu. CDC wenyewe hawakusema ni hiyo kemikali peke yake. Waliacha mlango wazi kwa nyingine. Wala mimi siwezi kudai ndiyo iliyokuwa kwenye yangu. Lakini kipovu changu kilikuwa kizuri mno.

Nilikuwa nimeketi chumbani nikisoma hayo kwenye simu. Mbele yangu, kwenye meza ya vioo, kulikuwa na losheni ya mke wangu. Sijui kwa nini niliichukua. Niligeuza chupa, nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hakuna anayeyasoma, na mstari wa nne kutoka juu lilikuwapo: tokoferili asetati. Ni kitu kile kile. Mke wangu hujipaka kila siku baada ya kuoga, humpaka na mtoto, na hakijawahi kuwadhuru. Watu hukimeza kwenye vidonge vya vitamini. Kwenye ngozi ni sawa, tumboni ni sawa. Wanakemia wameonyesha kwamba kikipashwa moto mkali kinaweza kutoa gesi ya ketini, ambayo ni sumu kali kwa mapafu. Nilikaa nimeshika ile chupa mpaka mke wangu akaingia akauliza kama nataka kujipaka.

Niliporudi kazini kitu cha kwanza kilikuwa kuifungua katriji ya pili, ile ambayo sikuwa nimeivuta hata mara moja. Nilimwomba jirani asogeze taa yenye kioo cha kukuza. Stika ya kiboksi ilibanduka bila kuchanika, na chini yake kulikuwa na stika nyingine, ya ladha nyingine. Namba za kundi kwenye viboksi vyote viwili zilikuwa moja, ingawa kimoja kiliandikwa limau na kingine embe. Hilo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu Juni. Kwenye chaja ningeliona kwa sekunde mbili.

Nikakata mdomo wa plastiki kwa koleo, nikamimina yale mafuta kwenye kifuniko cha chupa. Ndani kulikuwa na kijibomba cha chuma chenye koili, pamba nyeupe pembeni, na waya mbili nyembamba zinazoteremka hadi kwenye uzi wa 510. Waya zimeshikizwa kwa solda. Nikainama. Solda mimi naijua. Ninayotumia kila siku ni ile ya bati 60 kwa madini ya risasi 40, na nimefundishwa na aliyenifundisha kwamba moshi wake usiuvute, ukimaliza unawe kabla ya kula. Ya mle ilikuwa imewekwa ovyo, donge la kijivu lenye mikia, kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na njia ya hewa, hewa ambayo mtu anaivuta, ilipita kando yake kabisa. Kipande kidogo kilikuwa kimeshakatika na kukaa kwenye pamba. Kwa kibano nilikitoa nikakiweka kwenye karatasi nyeupe. Kama chembe ya pilipili manga. Sikuwa na maabara ya kunieleza ni chuma gani. Lakini nilikumbuka namna ninavyofungua dirisha kila nikiwasha pasi ya kuchomelea, kisha nikakumbuka kalamu kwenye mfuko wa koti.

Rafiki zangu wa kibandani, wawili wao wavutaji, waliniambia kosa langu lilikuwa kununua feki. Kwamba ningepata ya kweli, ya duka la leseni, nisingelazwa. Kuna ukweli ndani yake. Kalifonia maduka ya leseni huuza mzigo uliopitia maabara, unaoangaliwa risasi, kadimiamu, dawa za kilimo. Dawa hizo si jambo dogo: kuna moja ya kuua ukungu, miklobutanili, inayopulizwa kwenye zabibu bila kelele, lakini ikichomwa hutoa sianidi ya hidrojeni, gesi ya sumu. Hata hivyo mwaka wa 2023 watafiti wa Kanada, nchi ambayo bangi ni halali, walifungua vepu za bangi wakakuta chembe za metali ndani ya mafuta, hata kwenye vepu ambazo hazijawahi kuwashwa, na hata kwenye zile za soko halali. Chuma kinalala ndani ya mafuta miezi, kinaachia kidogo kidogo. Kwa hivyo neno "orijino" nalo lina mwisho wake.

Lakini niliwauliza zaidi ya hapo: hiyo ya kweli mtaijuaje mkiwa hapa? Jina lililotajwa sana na wagonjwa wa Marekani lilikuwa Dank Vapes, na ilipochunguzwa ikaonekana hakuna kampuni. Kulikuwa na viboksi tu. Mtu yeyote aliviagiza vitupu, mamia kwa maelfu, akajaza atakacho. Septemba 2019 polisi wa Wisconsin walivamia nyumba ya kuishi wakakuta maelfu ya katriji, zinajazwa kwa sindano. Kama Wamarekani wenye maduka ya leseni walidanganywa na kiboksi, mimi wa ghorofa ya tatu Luthuli ni nani?

Na baada ya kudanganywa, nilipeleka wapi malalamiko? Chaja ikilipuka, mteja anarudi kwangu anapiga kelele mpaka jengo zima lisikie, nami najua nimenunua kwa nani, na yule anajua kontena ilitoka wapi. Hata feki ina njia ya kurudi. Kwa katriji, yule mteja alibadilisha laini. Sikuweza kwenda popote na ile chembe ya pilipili manga kusema nimeuziwa hii, ipimeni, kwa sababu kuishika tu ni kosa. Mimi sina ugomvi na wanaotaka sheria ibadilike wala na wanaoitetea. Marasta walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 2021 kudai haki yao ya kutumia bangi na wana hoja zao. Nasema tu kwamba kwa sasa, hapa, kiboksi hicho hakina mwenyewe, na anayekivuta ndiye maabara. Kuacha nako hakukuwa rahisi. Wiki mbili za mwanzo sikulala, nikawa mkali kwa watoto. Nilipiga 1192, ile namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nikijiandaa kukata simu wakiuliza jina. Niliongea karibu nusu saa.

Ngazi bado nazihesabu. Nafika ghorofa ya tatu bila kupumzika, ila siwezi kuongea nikipanda.

Mwaka jana, siku za likizo ya Agosti, alikuja mvulana. Sare hakuvaa, lakini viatu vilikuwa vya shule. Alisubiri mpaka wateja wawili wakaondoka, akatoa vepu fupi ya rangi ya zambarau, zile zinazonukia kama peremende.

"Fundi, inachaji lakini haiwaki."

"Ya nani hii?"

"Ya bradha."

Nilimuuliza ina nini ndani. Akasema ni ladha tu, kisha akatabasamu, akasema kuna mtu wa shule yao huziongeza kitu, moja inatosha watu watano. Nilikuwa nimesoma siku si nyingi kwamba chuo kikuu cha Bath, Uingereza, kilipima vepu 596 zilizokamatwa katika shule 38, na moja kati ya sita ilikuwa na Spice, ile bangi ya maabara inayoweza kumwangusha mtu akapata kifafa, ilhali wanafunzi wanadhani ni THC ya kawaida. Nilianza kumweleza. Nilimweleza ya kipovu, ya asetati, ya pafu langu. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi mtoto anavyomsikiliza mzee anayesimulia Nairobi ya zamani, huku macho yake yakiwa kwenye kile kitu mkononi mwangu.

Nikaifungua. Waya moja ilikuwa imeachia kwenye betri. Tone moja la solda, sekunde nne, shilingi 100. Nilimwonyesha pamba iliyokuwa imeungua, nyeusi kama mkaa, nikamwambia anuse. Akanusa, akakunja pua.

"Kwa hivyo itapona ama?"

"Hii imekufa," nilimwambia. "Bodi imeungua. Haitengenezeki."

Miaka 14 kwenye meza hiyo, watu wakituita sisi mafundi waongo, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mteja kwamba kitu kinachotengenezeka kimekufa. Nilikitupa kwenye ndoo ya betri mbovu mbele yake. Akasimama kidogo, akakuna kichwa, kisha akauliza kama namjua mtu anayeuza nyingine kwa bei nafuu.